Kubadilisha klachi ya Massey 135 na 240, kutoka kupasua mpaka kurudisha

Kabla hujafungua bolti hata moja, hakikisha kweli klachi ndiyo imekufa. Nasema hivi kwa sababu kupasua trekta, yaani kuitenganisha injini na gia boksi, ni kazi kubwa na nimeshaona trekta inapasuliwa bure, kumbe shida ilikuwa pedali haina mchezo. Mchezo ni ile nafasi ya juu ambayo mguu unashuka bila kuhisi uzito, ikiisha basi rilizi beringi, ile beringi inayosukuma klachi iachie, inakaa imegusa vidole vya klachi saa zote, klachi haibani vizuri, inateleza hata kama pleti, ile sahani inayobanwa ndani ya klachi, bado nzima. Kwa hiyo anzia kwenye rodi ya pedali upande wa kushoto, irudishie mchezo wake, peleka trekta shambani uone. Kama imepona, shukuru Mungu na uishie hapo.

Kama haijapona fanya jaribio hili. Weka trekta mahali tambarare, watoto na watu wote watoke mbele, funga breki, weka mawe makubwa mbele ya magurudumu ya nyuma. Ingiza gia ya juu kabisa, ongeza resi kidogo, halafu achia klachi polepole. Injini yenye klachi nzuri italemewa na kuzima. Kama inaendelea kunguruma tu na trekta imesimama palepale, pleti inateleza, na usirudie rudie hilo jaribio maana kila ukirudia unaunguza flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa juu yake. Shambani utaijua kwa njia nyingine, diski zikiingia kwenye udongo mzito injini inapandisha sauti lakini trekta inapunguza mwendo, na kuna ile harufu kali ya lainingi, ile ngozi ya pleti inayoshika, ikiungua. Gia zikilia wakati wa kuingiza hiyo ni shida tofauti, klachi haiachi, inaweza kuwa mchezo umezidi, au pleti imepinda, au pailoti beringi, ile ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, imeganda ikazungusha shafti hata ukikanyaga mpaka chini.

Huku kwetu Bweyale, Uganda, trekta ninazoshika zaidi ni Massey, 135 za zamani na 240, na nyingi zina klachi mbili ndani ya kava moja, yaani kile chuma chenye springi kinachobana pleti. Hili ni jambo la kuelewa vizuri kabla hujatumia pesa ya mtu. Pleti kubwa ni ya kuendesha trekta, pleti ndogo ni ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Ukikanyaga pedali nusu unaachilia ile kubwa, trekta inasimama lakini rotoveta au mashine ya kupukuchua mahindi inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini, ile ndogo nayo inaachia, PTO inasimama pamoja na pampu ya haidroliki. Ndiyo maana dreva akilalamika kwamba trekta inatembea vizuri ila mashine ya nyuma inakosa nguvu, au PTO haisimami hata akikanyaga mpaka chini, usimjibu kwamba klachi ni nzima kwa sababu trekta inavuta. Pleti ni mbili na kila moja ina ugonjwa wake. Ila si kila Massey ina klachi mbili, zipo zenye moja, kwa hiyo usiagize kitu kwa kutazama jina kwenye boneti.

Kuhusu spea

Mimi napenda kufungua kwanza halafu kununua. Wengi wanafanya kinyume, mwenye trekta anatuma pesa Kampala, inakuja boksi, trekta inapasuliwa, kumbe pleti ni ya inchi 12 na yako ni ya 11, na msimu wa kulima unakimbia. Toa ile ya zamani, funga kwenye gunia, mtu apande nayo basi mpaka maduka ya spea ya Kampala, Kisekka au Ndeeba, na aiweke juu ya meza mbele ya muuzaji. Wapime upana kwa futi. Wahesabu meno ya ndani, kwenye hizi Massey za klachi mbili ile pleti kubwa kwa kawaida ina meno 10 na ya PTO ina meno 25 na tundu pana zaidi. Wapime urefu wa kava na waangalie matundu ya bolti kama yanalala sawasawa. Muuzaji akisema "hiyo itaingia tu mzee", mwambie asante na nenda duka la pili. Klachi haiingii tu, ama ndiyo ama siyo.

Halafu orodha isiishie kwenye pleti. Hapa ndipo nagombana na wenye trekta kila msimu. Mzee anakuja anasema mwanangu nibadilishie pleti tu, vitu vingine bado vizuri. Namuelewa, pesa ni ngumu, mahindi yanauzwa bei ya kulia. Lakini kazi ya kupasua ni ileile ukibadilisha kitu kimoja au sita, na rilizi beringi ya zamani ikifa baada ya miezi miwili trekta itapasuliwa upya, fundi atalipwa upya, na shamba litasubiri upya. Kwa hiyo nunua kava kamili na pleti zake mbili, rilizi beringi, pailoti beringi, oili sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya gia boksi. Kama pesa kweli haitoshi, afadhali usubiri wiki moja uongeze kuliko kuacha sili au beringi ya zamani ndani.

Kuna pia watu wa kupiga lainingi mpya kwenye pleti ya zamani, wanapigilia kwa riveti na kazi inaonekana safi. Kwa pleti ya PTO ambayo haitumiki sana unaweza kuvumilia kama meno yake ya ndani bado makali. Kwa pleti kubwa mimi sikubali, maana lainingi inakuwa mpya lakini kitovu, ile sehemu ya katikati yenye meno, ni kilekile kilicholegea.

Kutayarisha

Trekta ioshwe siku moja kabla, hasa tumboni na pande zote mbili pale injini inapokutana na gia boksi. Tope lililokauka likiangukia ndani ya klachi mpya umeharibu mwenyewe. Tafuta sehemu ngumu, sakafu ya sementi ndiyo nzuri. Kwenye udongo jeki inazama polepole na wewe hauoni, mara injini imeinama. Kama hakuna sementi tafuta mbao nene pana, zile za kutembezea jeki juu yake, na usifanye hii kazi kwenye udongo siku ambayo mvua inanyemelea.

Unahitaji jeki ya magurudumu moja, stendi mbili imara au magogo yaliyokatwa sawa, kabari mbili za mbao ngumu, seti ya spana na soketi za inchi maana 135 ni ya vipimo vya zamani, bolti mbili ndefu za kuongoza nitakazoeleza huko mbele, na watu wawili wenye akili timamu. Si watu sita. Watu wakiwa wengi kila mmoja anasukuma upande wake na hakuna anayesikia.

Toa waya wa betri kwanza, ule wa ardhi unaofungwa kwenye chuma cha trekta, ukimaliza toa na mwingine, na betri yenyewe kama iko njiani. Toa boneti. Funga dizeli. Halafu anza kutenganisha kila kitu kinachotoka nusu ya mbele kwenda nusu ya nyuma: waya za stata na daynamo, waya wa taa, kebo ya mita, rodi ya resi, kebo ya kuzimia, paipu za dizeli zinazovuka, egzosti kama imeshikwa nyuma, na mikono ya stiaringi inayokwenda kwenye ekseli ya mbele. Hiyo mikono itoe kwenye boli joint bila kugusa urefu wake, usilegeze zile nati za kurekebisha, la sivyo utamaliza klachi na kuanza kutafuta kwa nini trekta inavuta upande. Angalia tanki limeshikwa wapi, kwa trekta nyingine breketi yake ya nyuma imefungwa karibu na dashibodi na ukisahau utalipinda. Kama yako ina vyuma virefu kutoka ekseli kurudi kwenye gia boksi, navyo vitoke. Simu siku hizi kila mtu anayo, piga picha kila waya kabla hujautoa. Bolti za kila sehemu weka kwenye kopo lake.

Kabari za ekseli

Hapa nataka usome polepole. Ekseli ya mbele ya trekta haijafungwa kwa kukaza, imening'inia kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Trekta ikiwa nzima hiyo haina shida kwa sababu nusu ya nyuma inaishikilia injini isilale. Ukishaitenganisha, injini yote, mamia ya kilo, inabaki imesimama juu ya pini hiyo moja na jeki. Ikielemea kidogo upande mmoja itaendelea mpaka chini na hakuna mtu wa kuizuia kwa mikono.

Kwa hiyo chukua zile kabari mbili za mbao ngumu, piga moja kulia na moja kushoto kati ya ekseli na kile chuma kinachobeba injini mbele, piga kwa nyundo mpaka ekseli ikatae kucheza kabisa. Shika gurudumu la mbele ulitikise, uone. Kabari ya muembe mbichi au ubao wa boksi haifai, inapondeka. Zifunge na kamba zisidondoke wakati unasogeza. Mimi sianzi kufungua bolti za katikati mpaka nimezigusa kabari zote mbili kwa mkono wangu, hata kama kijana ameniambia ameshaweka, na nakuomba na wewe ufanye hivyo kwa ajili ya hao vijana.

Nusu ya nyuma nayo inataka kulala mbele, basi weka stendi au magogo chini ya gia boksi, karibu na pale inapoachana, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Chini ya injini weka jeki ya magurudumu na kipande cha ubao juu yake. Pandisha mpaka iguse na ibebe kidogo, usiinue trekta. Unataka uzito ubebwe sawasawa pande zote mbili ili zile bolti za katikati zitoke bila kubanwa. Na usiingize mwili chini wakati wowote kuanzia hapa.

Kupasua

Fungua bolti za kuzunguka, acha mbili za juu za mwisho, moja kila upande. Zile nafasi za kati ingiza bolti zako ndefu ambazo umezikata vichwa, hizi zitabaki zikiongoza nusu mbili zisipishane wakati zinaachana, na zitakuokoa zaidi wakati wa kurudisha. Ndipo utoe zile mbili za mwisho. Ikikataa kuachana usipige patasi katikati ya chuma, rangi na kutu ndivyo vinashika, chomeka chuma bapa kidogo kidogo ukizunguka, na uangalie tena kama hakuna bolti uliyosahau, kuna zingine zinaingia kutoka upande wa injini na zimefichwa na tope.

Ikiachia, mmoja anavuta jeki pamoja na magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, mwingine anaangalia nafasi iwe sawa juu na chini. Ikipanuka juu kuliko chini jeki iko chini sana au juu sana, simama urekebishe. Sogeza mpaka uwe na nafasi ya kukaa na kufanya kazi, halafu weka stendi chini ya injini, usiiache juu ya jeki. Jeki inavuja, stendi haivuji.

Sasa ile vumbi nyeusi ndani usiipulizie upepo wala mdomo. Trekta hizi za zamani lainingi zake zinaweza kuwa za asbesto na hiyo vumbi ikiingia mapafuni haitoki. Lowesha kwa maji na kitambaa, futa, kitambaa kitupe mbali.

Kabla ya kutoa kava, weka alama ya patasi kwenye kava na flaiwili kama unafikiria kurudisha kava ileile. Legeza bolti kidogo kidogo ukivuka upande kwa upande, usimalize moja yote. Shika vizuri maana ni nzito na pleti kubwa itaanguka nyuma yake. Na hilo kava la klachi mbili usilifungue lenyewe juu ya meza kwa mikono mitupu, ndani kuna springi yenye nguvu ya kumvunja mtu uso, wanaolifungua wanatumia bolti tatu ndefu za kuachilia polepole. Kama umenunua kamili huna sababu ya kuligusa.

Soma pleti ya zamani. Kama lainingi imeisha mpaka riveti zimekwaruza flaiwili, dreva amekuwa akipumzisha mguu juu ya pedali au trekta imevuta sana tela la miwa nusu klachi. Kama lainingi bado nene lakini imelowa mafuta na kung'aa nyeusi, klachi haikufa kwa uzee, imeuliwa na sili. Mafuta meusi yanayonuka dizeli kidogo yanatoka injini, mafuta mepesi ya rangi ya dhahabu yanatoka gia boksi. Bila kutibu hapo pleti mpya italowa kabla ya mavuno.

Sili ya nyuma ya Perkins ya silinda tatu kwenye 135 nyingi ni ya kamba, iko ndani ya nyumba yake ya vipande viwili, na kuikalisha inataka utulivu. Kamba inawekwa ndani ya mfereji wake, inasukumwa kwa kitu cha mviringo laini mpaka ikae, ncha zinabaki zimejitokeza kidogo tu ili zibanane, na inapakwa grisi kidogo kabla ya kufunga. Ukifunga, zungusha injini kwa mkono, iwe nzito kidogo lakini isigande. Za karibuni zina sili ya mpira, hiyo ni rahisi zaidi. Sili ya shafti upande wa gia boksi ukitaka kuitoa itabidi umwage mafuta kwanza, na kumbuka kwenye hizi Massey mafuta ya gia boksi na ya haidroliki ni yaleyale, kwa hiyo tayarisha mapipa ya kutosha na usirudishe machafu.

Flaiwili: futa kwa petroli, angalia kwenye jua. Madoa ya bluu ni alama ya joto, mistari midogo midogo inavumilika ukiisugua kwa msasa, lakini ufa wowote unaoingia kucha au mfereji wa riveti unataka mashine ya kukereza. Pailoti beringi izungushe kwa kidole, ikikwama kidogo tu itoe. Pia shika shafti ya foku ya rilizi, ile inayosukuma rilizi beringi, uitikise, ikicheza bushi zimeisha na klachi mpya itaachia upande mmoja.

Kuweka mpya

Kitu kimoja wengi wanaruka ni hiki, na hakichukui dakika mbili. Chukua kila pleti mpya uivalishe kwa mkono kwenye shafti yake ya gia boksi, kubwa kwenye shafti ya ndani, ya PTO kwenye ile ya nje yenye tundu, kabla haijaingia kwenye kava. Iteleze mbele na nyuma bila kukwama na bila kuyumba. Ikikwama, ni heri ujue sasa. Paka meno ya shafti grisi ya joto kali, kidogo sana, futa inayozidi, maana grisi nyingi itarushwa na mzunguko mpaka kwenye lainingi na utaanza upya. Mikono yenye mafuta isiguse uso wa pleti.

Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa gia boksi, tazama maandishi au kitovu kirefu kinaangalia wapi, na ulinganishe na jinsi ya zamani ilivyokaa. Ikigeuzwa kitovu kitagonga flaiwili na klachi haitaachia kamwe.

Kupanga katikati ndio moyo wa kazi. Kwenye klachi mbili inabidi vitovu vyote viwili na pailoti beringi viwe kwenye mstari mmoja, la sivyo hutaweza kurudisha trekta hata mkija kijiji kizima kusukuma. Kuna chombo chake, au shafti ya zamani ya gia boksi kama unayo. Kama huna, peleka vipimo kwa mtu wa kukereza akutolee kijiti cha mbao ngumu chenye ngazi tatu: ncha inaingia pailoti beringi, inayofuata inaingia pleti kubwa, nene inaingia pleti ya PTO. Kijiti hicho kitunze, ni chombo cha maisha yako yote. Kaza bolti za kava kidogo kidogo kwa kuvuka huku kijiti kikiwa ndani, na ukimaliza kitoke na kurudi kwa mkono bila nyundo.

Angalia vidole vitatu vya kava, viwe urefu mmoja. Pima kwa rula kutoka kidole mpaka uso wa flaiwili, kila kimoja. Kava mpya kwa kawaida linatoka kiwandani limepimwa, lakini pima hata hivyo, feki ni nyingi. Kisha kuna zile skrubu tatu za kurekebisha sehemu ya PTO, nafasi yake kwenye klachi za Massey za aina hii ni karibu milimita 2, na zote tatu ziwe sawa. Kama boksi lina karatasi ya vipimo fuata karatasi. Nafasi ikiwa ndogo PTO itateleza, ikiwa kubwa PTO haitasimama ukikanyaga.

Kurudisha

Ingiza gia ili shafti ya ndani isimame. Mkono wa PTO uweke kwenye kazi ili uweze kuizungusha ile shafti ya nje kutoka nyuma ya trekta. Sukuma nusu ya mbele kwenye zile bolti za kuongoza, polepole, jeki ikipandishwa na kushushwa nywele kwa nywele mpaka nafasi iwe sawa kuzunguka kote. Ikifika pale meno yanapokutana itasimama. Hapo mmoja azungushe flaiwili kidogo kwa bapa kupitia tundu la stata, mwingine azungushe shafti ya PTO huko nyuma, wa tatu asukume taratibu. Utasikia inaingia mara mbili, shafti moja halafu nyingine.

Ikibaki kidole kimoja na haiendi, SIMAMA. Usichukue zile bolti za kuzunguka ukazitumia kuvuta nusu mbili zikutane. Nafasi lazima ifungwe kwa mikono mpaka chuma kiguse chuma, ndipo bolti zinaingia kukaza tu. Anayevuta kwa bolti anapinda kitovu cha pleti mpya au anapasua sikio la gia boksi, na sikio likipasuka hiyo si kazi ya klachi tena. Rudisha nyuma, weka kijiti tena, angalia upya. Inachosha, najua, hasa jua likizama na mwenye trekta amekaa pale anakutazama.

Bolti zote zikiwa ndani na zimekazwa, ndipo kabari zitoke, stendi zitoke, na kila waya na rodi irudi kwa kufuata zile picha. Mikono ya stiaringi weka pini mpya za usalama kwenye nati, usirudishe waya wa kufungia.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini inayocheza. Wengi wanaliona kama kosa na kuliziba kwa bolti au kwa gundi. Liache wazi na pini yake icheze, kazi yake ni kudondosha mafuta nje kama sili itavuja, ili uyaone kabla hayajafika kwenye pleti.

Rekebisha mchezo wa pedali, karibu sentimita 2 mpaka 3 juu ya pedali ni mwanzo mzuri, au kipimo cha kitabu cha trekta yako kama unacho. Washa, acha injini ipate joto, kanyaga mpaka chini, hesabu pole pole mpaka tano na uingize gia. Isilie. Jaribu nusu pedali na PTO ikizunguka, trekta isimame na PTO iendelee, halafu mpaka chini PTO isimame. Kama PTO inachelewa kusimama rudi kwenye zile skrubu tatu, kupitia kifuniko kidogo cha pembeni unaweza kuzifikia bila kupasua, ukizungusha injini mpaka kila moja ije mbele yako.

Siku ya kwanza usiipeleke kwenye diski za kina wala tela la miwa la kwenda kiwanda cha sukari cha Kinyara. Ipe kazi nyepesi, kubeba maji, haro kwenye udongo laini, dreva akanyage mpaka mwisho na kuachia kabisa, asikae nusu nusu. Pleti mpya inakaa kitako taratibu na jinsi inavyokaa mchezo wa pedali unapungua, kwa hiyo baada ya siku chache za kazi rudi upime tena mchezo, na uvue ile pini ya chini utazame kama kuna tone. Mwonyeshe dreva mwenyewe jinsi ya kupima, awe anafanya kila asubuhi wakati anaangalia oili na maji.